Hadi diski yako iko hewani? Ifunge kabla mtu wa mbali hajaifuta

Kama una ile hadi diski ya nje inayochomekwa kwenye ruta badala ya kompyuta, ile ambayo ukiwa safarini unafungua apu kwenye simu na picha zako zote unaziona, basi huu mwongozo ni wako. Mwenye NAS (boksi la kuhifadhia mafaili kwenye mtandao) ya diski mbili au nne nae asiondoke, shida ni ileile, boksi tu ndo kubwa zaidi.

Tuanze na kilichotokea Juni 2021, manake bila hicho mtu ataona natisha watu bure. Wenye hadi diski za WD (Western Digital) za My Book Live na My Book Live Duo walifungua wakakuta folda zipo ila ndani hamna kitu, terabaiti za picha na kazi za miaka zimepotea, na pasiwedi waliyozoea inakataliwa. Waliochungulia logi wakaona script inaitwa factoryRestore.sh imejiendesha, yaani kuna mtu huko mbali ameiambia hadi diski ijirudishe kama ilivyotoka kiwandani na yenyewe ikatii. Hizi mashine zilianza kuuzwa 2010 na apdeti ya mwisho ya femwea (programu inayoendesha mashine yenyewe) ilikuwa 2015. Tundu moja la usalama, CVE-2018-18472 (CVE ni namba ya kutambulisha tundu), lilikuwa linajulikana tangu 2018 ila kampuni ilishaacha kuzihudumia. Tundu la pili, CVE-2021-35941, ndo linauma zaidi, kwa sababu msimbo wa kuuliza pasiwedi kabla ya kufuta kila kitu ulikuwepo ndani kabisa ila uliandikwa kama maelezo tu hivo haukuwa unafanya kazi, kwa hiyo yeyote aliyeweza kuifikia hiyo mashine kupitia intaneti angeweza kuifuta bila kuulizwa yeye ni nani.

Shika hapo sasa. Waliokuwa na pasiwedi ndefu ya maana na waliokuwa na pasiwedi ya 1234 walifutiwa sawasawa. Ndo maana mimi kwenye mwongozo huu sianzi na pasiwedi, hiyo itakuja baadae na ina kazi yake, ila kitu cha kwanza ni kopi na cha pili ni kuhakikisha mtu wa nje hawezi hata kuigusa hiyo mashine.

Hatua ya 1: Toa kopi kwanza, kabla hujagusa setingi yoyote

Tafuta hadi diski ya kawaida ya USB, isiyo na mambo ya mtandao, yenye ukubwa wa kutosha. Nakili kila kitu. Ukimaliza usiishie kuona mstari umefika asilimia 100 ukaridhika, fungua folda kadhaa za zamani, cheza video moja mpaka mwisho, fungua hati mbili tatu, afu ndo uichomoe. Kuichomoa ndo siri yenyewe hapo, diski iliyochomolewa hakuna mtu wa mbali anayeweza kuifuta hata awe fundi namna gani. Kila wiki au kila mwezi, kulingana na unavyoongeza vitu, unaichomeka, unasasisha kopi, unachomoa tena.

Watu wengi wanakwama hapa kwa kuchanganya mambo matatu. La kwanza ni RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Mtu ana NAS ya diski mbili, kila faili linaandikwa kote kote, basi anasema ana bakapu. Hamna bakapu hapo ndugu yangu. RAID inakuokoa diski moja ikifa, ila ukifuta faili linafutika kote kote muda huohuo, na wale wa My Book Live Duo walikuwa na diski mbili na haikuwasaidia. La pili ni kusinki, folda ya kwenye laptopu inasinki na hadi diski, ukifuta faili huku, kule nako linaondoka, tena haraka. La tatu, na hili ndo baya kuliko yote, ni wale waliohamisha vitu kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye hadi diski ya mtandao ili laptopu ipumue, afu wakafuta za kwenye laptopu, bado wanaita hiyo hadi diski "bakapu yangu". Kama faili liko sehemu moja tu hiyo si bakapu, hiyo ndo asili yenyewe na huna nyingine.

Kanuni inayotumika sana inaitwa 3-2-1: kopi tatu, kwenye aina mbili tofauti za hifadhi, na moja ikae mahali pengine kabisa mbali na hapo ulipo. Kwa mtu wa kawaida inatosha hivi, faili kwenye NAS, diski ya USB iliyochomolewa, na kopi kwenye klaudi au diski nyingine iliyoko kwa ndugu unayemwamini. Ukiweza kufanya moja tu kati ya hizo kopi mbili za ziada, fanya ya USB, leo.

Hatua ya 2: Jua una mashine gani na kama bado ina mwenyewe

Geuza boksi, soma jina la modeli kwenye stika, ingia tovuti ya mtengenezaji utafute ukurasa wa msaada wa modeli hiyohiyo. Unachotafuta ni tarehe ya apdeti ya mwisho ya femwea na kama wameandika kwamba msaada umeisha. Kama msaada umeisha, hiyo mashine haitakiwi kuonekana intaneti hata dakika moja, hapa sina mjadala na mtu. WD walimaliza msaada wa My Cloud OS 3 mwezi Aprili 2022. D-Link nao, Aprili 2024 lilipotoka tundu la CVE-2024-3273 kwenye NAS zao za zamani kama DNS-320L na DNS-340L, mashine zaidi ya 92,000 zilikuwa zinaonekana wazi intaneti na jibu la kampuni lilikuwa hakuna kiraka kitakachotoka, zistaafisheni na mnunue nyingine.

Haimaanishi utupe. Mashine ya zamani bado inaweza kuhudumia TV na laptopu za ndani ya nyumba, mradi umeifungia njia ya kutoka nje, hiyo iko kwenye hatua inayofuata.

Kitu kimoja watu wanasahau, ile hadi diski ya kawaida ya USB uliyoichomeka nyuma ya ruta kwenye kile kitobo cha USB nayo ni hadi diski ya mtandao sasa. Mwaka 2014 wahuni walitumia matundu kwenye ruta za ASUS wakaingia kwenye diski za watu zaidi ya 12,900 zilizochomekwa kwa mtindo huohuo, na serikali ya Marekani kupitia FTC (tume inayolinda wateja) ikaja kuibana kampuni, wakamalizana 2016. Wenye diski wengi pengine hawakujua hata kama kuna kitu kinaitwa FTP (huduma ya kuhamisha mafaili) kimewashwa humo ndani.

Hatua ya 3: Ifunge kwenye ruta

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwenye brauza, au tumia apu yake kama inayo.

Anza na UPnP. Hii ni huduma inayoruhusu kifaa cha ndani kuiambia ruta "nifungulie poti" (poti ni kama mlango wa mtandao wenye namba), na ruta inafungua bila kukuuliza wewe mwenye nyumba. Ndo njia mojawapo ambayo hadi diski nyingi zinajitoa nje bila mwenyewe kujua. Izime. Magemu mengine yanaweza kulalamika kidogo, yaache yalalamike, bora hivo.

Afu nenda sehemu ya kuelekeza poti, kwenye ruta nyingi imeandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server". Ukikuta mstari wowote unaopeleka kwenye IP (anwani ya mtandao) ya hadi diski yako, futa. Angalia hasa poti 21, 22, 80, 443, 445, 8080, na kwa wenye Synology 5000 na 5001. Kuna watu wanabadilisha namba, badala ya 5000 wanaweka 51234 wanadhani wamejificha, ila kuna mitambo kama Shodan ambayo kazi yake ni kuzunguka intaneti nzima kugonga poti na kuandika nani kaitikia, kwa hiyo namba ngeni inapunguza tu kelele, haifichi kitu. Angalia na DMZ pia (sehemu ya kukiachia kifaa kimoja wazi kwa intaneti), kama IP ya hadi diski imewekwa humo basi poti zote ziko wazi, itoe upesi.

IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, watu wanairuka sana. Kwenye IPv4, mfumo wa zamani, vifaa vyako vyote vimejificha nyuma ya anwani moja ya ruta, ila kwenye IPv6 kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake inayofikika moja kwa moja kutoka nje, kwa hiyo unategemea fayawoli ya ruta peke yake. Hakikisha fayawoli ya IPv6 imewashwa na inakataa miunganisho inayoanzia nje. Kama huelewi hiyo sehemu, zima IPv6 kwenye hadi diski yenyewe, hutapoteza chochote cha maana.

Kisha ipe hadi diski IP isiyobadilika kupitia DHCP ya ruta (sehemu inayogawa anwani kwa vifaa), na kwa IP hiyo weka sheria ya kuizuia isitoke intaneti kabisa. Kwenye ruta za kawaida utaikuta kwenye udhibiti wa wazazi au udhibiti wa ufikiaji. Kwa mashine iliyoishiwa msaada hii ni lazima. Kwa mashine ambayo bado inapata apdeti unaweza kuiachia itoke, ila itabidi ukubali na hatua zote zinazofuata.

Sasa jaribu. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia data, tafuta IP ya nje ya ruta yako (inaonekana kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya WAN), afu kwenye brauza ya simu andika hiyo IP na poti, mfano IP:5000, IP:8080. Usipofunguka ukurasa wowote, vizuri, ukiona ukurasa wa kuingia wa hadi diski yako basi dunia nzima inauona pia. Brauza haiwezi kukuonyesha poti kama 21 na 445, kwa hizo tumia tovuti ya ShieldsUP! ya GRC ukiwa kwenye mtandao wa nyumbani, itakugongea poti zote za mwanzo ikuambie zipi ziko wazi. Ukikuta IP ya WAN inaanzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma wako amekuweka nyuma ya anwani ya pamoja na watu wengine, hapo kwa IPv4 mtu wa nje hawezi kukugonga moja kwa moja, ila usilale, njia ya klaudi bado ipo.

Hiyo njia ya klaudi ni zile huduma kama QuickConnect ya Synology, myQNAPcloud, na apu ya My Cloud. Nyingi hazihitaji ufungue poti kwa mkono, hadi diski yenyewe inapiga simu kwa kampuni na wewe unapitia huko. Ni bora kuliko poti wazi, hilo nakubali, ila umekabidhi ufunguo kwa mtu mwingine. Machi 2023 WD waliingiliwa kwenye mifumo yao na huduma ya My Cloud ikazimwa kwa zaidi ya wiki, watu wakawa hawafikii mafaili yao wenyewe yaliyo kwenye boksi lililo mezani kwao. Kama hujaitumia hiyo huduma siku nyingi, zima. Ukijiuliza kwa ukweli mara ya mwisho ulifungua hadi diski ukiwa mbali ilikuwa lini, wengi mtakuta jibu ni lile la siku ya kuinunua, ulipokuwa unaijaribu.

Hatua ya 4: Ukilazimika kuifikia kutoka mbali, pita VPN yako mwenyewe

Siongelei zile VPN za kubadilisha nchi ili uone sinema. Naongelea VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa kwa ufunguo, inayoanzia kwenye simu yako na kuishia nyumbani kwako. Ruta nyingi za sasa zina WireGuard au OpenVPN ndani, unawasha, unatengeneza profaili, una-skani kodi ya QR kwenye simu, basi. WireGuard ina tabia nzuri moja, asiye na ufunguo sahihi akigonga haijibu kabisa, ni kama hakuna kitu pale. Kama ruta haina, au uko nyuma ya ile anwani ya pamoja, tumia Tailscale au ZeroTier, inasetiwa haraka na huhitaji kufungua poti yoyote. Ukishaunganisha unaifungua hadi diski kwa IP yake ya ndani kama vile umekaa sebuleni.

Hatua ya 5: Akaunti na huduma za ndani

Sasa pasiwedi. Tengeneza akaunti mpya ya usimamizi yenye jina lako la kipekee, afu izime ile ya "admin" iliyokuja na mashine, manake roboti zinazokisia pasiwedi zinaanza na jina hilo. Agosti 2021 Synology walitoa onyo kuhusu botineti (kundi la mashine zilizotekwa) ya StealthWorker iliyokuwa inafanya kazi hiyohiyo, kukisia tu mchana na usiku. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kwenye hadi diski na kwenye akaunti ya klaudi ya kampuni, zote mbili. Washa na kufungia IP inayokosea pasiwedi mara kadhaa.

Akaunti ya usimamizi usiitumie kila siku. Tengeneza akaunti ya kawaida ya kusoma na kuandika, na kwa folda za picha za zamani ambazo hubadilishi kitu, mpe kila mtu haki ya kusoma tu. Kirusi kikiingia kwenye laptopu kinatumia haki zako wewe, usipokuwa na haki ya kufuta nacho hakina. Ukimaliza kazi kwenye ukurasa wa usimamizi bonyeza kutoka, usifunge tabu tu, kuna kurasa chafu zinazoweza kutumia brauza yako iliyoingia kutuma amri kwa vifaa vya ndani.

Zima FTP, Telnet, SSH (njia za kuingia au kuhamisha mafaili) kama huzitumii, na SMB (huduma ya kushiriki folda) toleo la 1 izime hata kama unadhani unaitumia, ndo iliyobeba kirusi cha WannaCry Mei 2017. Apu za ziada ulizosakinisha kwa kujaribu, ondoa. Qlocker, ransomwea (programu inayofunga mafaili na kudai hela) ya Aprili 2021 iliyopiga NAS za QNAP ilihusishwa na tundu kwenye HBS 3, yaani programu ya bakapu yenyewe, ilikuwa na kitambulisho cha kuingilia kilichoandikwa humohumo ndani ya programu. Mafaili ya watu yakafungwa kwenye 7-Zip zenye pasiwedi na wakadaiwa bitcoin 0.01. Januari 2022 ikaja ransomwea nyingine, DeadBolt, hiyo ikadai 0.03.

Hatua ya 6: Snapshoti, na bakapu inayovuta

Kama NAS yako inaweza snapshoti (Synology kwenye mfumo wa mafaili wa Btrfs inaweza, QNAP nyingi pia), washa. Snapshoti ni hali ya folda ilivyokuwa muda fulani, faili likifungwa au kufutwa unarudi nyuma. Weka ya kila siku, zikae angalau mwezi, na kama kuna chaguo la kuzifanya zisifutike mpaka muda uishe, lichague. Ila mtu akishapata usimamizi wote wa mashine, au akairudisha kiwandani, snapshoti za kawaida zinaenda na maji pamoja na vingine, kwa hiyo ile diski ya USB bado inahitajika.

Kama una kompyuta nyingine ya kupokea bakapu, panga hiyo kompyuta ndo iingie kwenye NAS na kuvuta mafaili, usipange NAS isukume. Ikisukuma maana yake NAS ina pasiwedi ya bakapu, na aliyeiteka NAS anaifuata mpaka huko anafuta. Ikivutwa hana pa kwenda. Programu ya kunakili ya Rsync inafanya kazi hii bila shida, ila usiweke ile chaguo ya kufuta upande wa pili bila kuweka matoleo ya zamani pembeni. Kwa klaudi chagua inayotunza matoleo.

Apdeti za femwea ziweke za kujiendesha usiku, na taarifa za barua pepe ziwashe ili ukiona mtu amejaribu kuingia ujue. Afu mara mojamoja rudisha folda moja kutoka kwenye bakapu, uone kama kweli inarudi.

Ikishatokea

Chomoa waya wa mtandao kwanza, usiguse kingine. Kama ni mafaili yamefutwa, zima mashine na usiandike kitu chochote juu ya hizo diski, usiisetie upya, usikubali ile "karibu, tuanze" inayotokea kwenye skrini, manake kilichofutwa mara nyingi bado kipo mpaka kiandikwe juu. Kama ni ransomwea na unaona bado inaendelea, usizime. Kwa Qlocker QNAP wenyewe walisema NAS isizimwe ila ipitishwe Malware Remover (programu yao ya kusaka virusi), kwa sababu 7-Zip ikiwa bado inafanya kazi pasiwedi iko humo kwenye mashine na kuna waliofanikiwa kuidaka.

Kurejesha, toa diski, tengeneza kopi nzima ya diski kwenda diski nyingine, afu fanyia kazi ile kopi. Programu za kurejesha mafaili za TestDisk na PhotoRec ni za bure. PhotoRec inaokoa vingi ila majina ya mafaili na folda yanapotea, utapata maelfu ya picha zenye majina ya namba, jiandae kukaa nazo. Wenye My Book Live mkichomeka diski kwenye kompyuta ya Linux ikakataa kufunguka msidhani imekufa, ext4 yake (mfumo wa mafaili) imepangwa kwa vipande vya kilobaiti 64 na kompyuta nyingi zinaishia kilobaiti 4, programu ya fuse-ext2 inaweza kuifungua. Kama ni vitu vya thamani kubwa na hujiamini, peleka kwa wataalamu wa kurejesha data kabla hujajaribu chochote, kila jaribio la mtu asiyejua linapunguza kinachobaki.

Kuhusu kulipa, mimi siwezi kukushauri ulipe, ila usifute mafaili yaliyofungwa hata kama umekata tamaa. Oktoba 2022 polisi wa Uholanzi waliwachezea DeadBolt, wakatuma malipo ya bitcoin, wakapokea funguo, afu wakayarudisha malipo kabla hayajathibitishwa, wakapata funguo 155 bila kuwapa hela. Yaweke kwenye diski yapumzike, andika na noti ya wadai iko wapi, afu isafishe NAS na uanze tena na hatua ya kwanza.